Endofini haibebi furaha

Mwanafunzi mwingine hapa Kisumu ameandika kwenye jibu lake kwamba endofini ni "homoni ya furaha". Sitaki kuisoma tena. Endofini ni neuropeptidi, yaani kipande kifupi cha protini ambacho neva hukitoa kupeleka ujumbe, na neuropeptidi haibebi hisia. Hubadilisha umeme wa seli inayoipokea, na kitakachotokea hutegemea seli hiyo ni ipi na ina vipokezi gani.

Tazama preBötzinger, kundi la seli ndani ya medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo, lililoelezwa mwaka 1991, ambalo huanzisha mdundo wa kuvuta pumzi. Kwenye kipande cha shina la ubongo wa panya mchanga, dutu P, neuropeptidi nyingine, huharakisha mdundo huo. Opioidi, yaani jamii ya mofini, huupunguza, na dozi ikizidi unakoma. Endofini hushika kipokezi kilekile cha mu kinachoshikwa na mofini. Je, furaha iko wapi hapo?

Ioni nitazipitia haraka. Kipokezi cha mu huifanya protini G, mjumbe wa ndani ya seli, ifungue chaneli, yaani milango, za potasiamu. Potasiamu inatoka, ndani ya seli panazidi kuwa hasi, kizingiti cha kufyatua mpigo wa umeme kinakuwa mbali. Kipokezi cha NK1, kinachoshikwa na dutu P, husogeza seli upande wa pili, karibu na kizingiti.

Kusogeza, nasema, si kufyatua! Glutamati, kemikali ya kawaida ya kusisimua neva, humaliza kazi yake kwa milisekunde. Peptidi huanza polepole, ndani ya sekunde, na athari yake huweza kudumu dakika kadhaa. Tena vifuko vikubwa inamohifadhiwa ndani ya neva havifunguki ovyo: mara nyingi neva sharti ifyatue mfululizo, kwa kasi. Ziwa likijaa pale Dunga, mtumbwi uliokwama mchangani huondoka kwa msukumo mdogo, lakini bado lazima mtu ausukume. Peptidi ni yale maji. Ndiyo maana swali la "peptidi hii inasisimua au inazuia?" halijibiki mpaka uniambie seli inapokea nini kingine wakati huohuo.

Vitabu huficha jambo moja: sehemu kubwa ya haya tumeyaona kwenye vipande vya ubongo, dozi tukizichagua wenyewe. Na ubishi ungalipo kama mofini huzima pumzi hasa kupitia preBötzinger au kupitia makundi mengine ya seli, Kölliker-Fuse na parabrakiali, kule kwenye ponsi, juu ya medula. Mimi naona zote zinahusika.

Kwa hiyo, daktari mtarajiwa, majeruhi wa bodaboda akizidiwa na mofini, naloksoni, dawa inayopinga opioidi, itaing'oa kwenye kipokezi na pumzi itarudi. Lakini naloksoni huisha nguvu mapema kuliko mofini. Hata akiamka na kuongea, endelea kumhesabia pumzi.