Je, wajua kwa nini moyo uliojaa damu unaweza kufa kwa kukosa damu?

Tulikuwa msibani, upande wa Msangamkuu, ng'ambo ya maji ukitokea Mtwara mjini. Marehemu alikuwa mvuvi, hata miaka sitini hajafika. Daktari alikuwa ameieleza familia kwamba mshipa wa moyo uliziba, moyo ukakosa damu. Mzee mmoja alisubiri watu wapungue jamvini, akanisogelea.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma. Moyo si ndio ghala la damu? Sasa ghala linafaje njaa?"

Nikamjibu bila kusita kwamba ulioziba ni mshipa unaoingiza damu moyoni, kwa hiyo moyo ulibaki mtupu. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Jibu lile lilikuwa kosa tupu. Mtu anapopatwa na shambulio la moyo la aina ile, vyumba vya moyo wake havikauki. Damu inaendelea kuingia na kutoka, na misuli ya moyo inakufa huku imeizunguka damu pande zote.

Kosa langu lilitokana na picha niliyokuwa nayo tangu shuleni. Niliuona moyo kama mtungi ulio hai: damu inaingia, kuta zinakunywa kadiri zinavyohitaji, iliyobaki inasukumwa mwilini. Nani alale njaa jikoni? Nimewauliza watu wengi tangu siku ile, wakiwamo waliosoma baiolojia hadi kidato cha sita, na wengi wao wana picha hiyohiyo. Wala si ya jana. Ibn Sina, tabibu ambaye maandishi yake yalitumika kufundishia udaktari kwa karne nyingi, naye aliandika kwamba damu iliyo upande wa kulia wa moyo ni ya kuulisha moyo wenyewe.

Aliyempinga ni Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo. Mwaka 1242, akifafanua maandishi ya Ibn Sina kuhusu viungo vya mwili, alikataa waziwazi: chakula cha moyo, alisema, hutoka katika damu inayopita ndani ya mishipa iliyotapakaa kwenye mwili wa moyo. Katika maandishi hayohayo alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, kisha huja upande wa kushoto. William Harvey wa Uingereza, anayejulikana zaidi kwa habari za mzunguko wa damu, alichapisha kazi yake mwaka 1628, karibu miaka mia nne baadaye. Nakala ya maandishi ya Ibn al-Nafis ilikaa maktabani Berlin bila kutambuliwa thamani yake, hadi daktari mmoja Mmisri alipoigundua mwaka 1924. Kwa hiyo swali la mzee wa Msangamkuu lilikuwa na jibu sahihi karibu miaka mia nane kabla sijamjibu vibaya.

Hata hivyo, picha ya mtungi si ya kubuni tu. Kuna mioyo inayokula hivyo kweli, na mingi inashushwa pwani yetu kila alfajiri.

Moyo wa samaki uko karibu na koo, nyuma kidogo ya mashavu. Damu inayoufikia imekwishauzunguka mwili mzima na oksijeni yake nyingi imekwishatumika. Ndipo moyo unaisukuma kwenda mashavuni ikachukue oksijeni mpya. Samaki wengi wenye mifupa hawana mishipa maalumu ya kuulisha moyo. Kwa ndani, moyo wao ni kama sifongo: nyuzi nyembamba za misuli zimepishana, na katikati yake kuna vijishimo ambamo damu hupenya. Moyo huo kweli unakunywa kutoka ndani, na unakunywa masalio. Moyo wa chura nao unategemea sana njia hiyo.

Jodari ni tofauti. Huyu haachi kuogelea usiku na mchana, na masalio hayamtoshi. Moyo wake una tabaka nene la misuli iliyoshikamana kwa nje, na tabaka hilo lina mishipa yake inayoleta damu yenye oksijeni mpya kutoka mashavuni. Papa nao wana mishipa ya namna hiyo. Ukikutana na wavuvi wanapasua jodari, waombe wakuoneshe moyo. Ni mgumu, umeshiba nyama, una pembe kama piramidi.

Wapo wanabiolojia wanaopendekeza kwamba mapafu ya samaki wa kale yaliusaidia kwanza moyo kupata oksijeni, kabla hayajawa nyenzo ya kuishi nchi kavu. Ni wazo linalonivutia sana, ila moyo ni nyama laini na hauachi visukuku kirahisi, kwa hiyo ushahidi wake unatokana zaidi na kuwalinganisha wanyama walio hai leo.

Turudi kwa binadamu. Oksijeni ikitoka kwenye damu na kupenya nyama kwa kusambaa yenyewe, haifiki mbali. Umbali wake ni sehemu ya kumi ya milimita, au mbili hivi, yaani unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, una unene wa karibu sentimita moja. Hizo ni karatasi mia moja. Damu iliyo chumbani ingezilisha mbili za mwanzo, na tisini na nane zingekufa.

Kwa hiyo moyo wetu unalishwa kwa nje. Damu inatoka kwanza katika chumba cha kushoto, inaingia aota, ule mshipa mkuu wa mwili. Hapohapo mwanzoni mwa aota, juu kidogo ya valvu, mlango unaozuia damu isirudi chumbani, kuna midomo miwili midogo. Ndimo zinamoanzia ateri za koronari, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, kwa sababu zimeuzunguka moyo kama taji lilivyozunguka kichwa. Zinatambaa juu ya moyo, kisha matawi yake yanazama ndani ya nyama. Mtu anapopumzika, moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika, dumu moja la mafuta ya kupikia. Katika hizo, unabakiza kwa ajili yake kama robo lita, kikombe cha chai.

Sasa linakuja jambo lililonifanya nisome hadi usiku wa manane. Nilidhani kikombe hicho kinamiminwa moyo unapopiga. Ndivyo ilivyo kwa viungo karibu vyote: moyo ukisukuma, damu inakwenda kwa nguvu. Kwa upande wa kushoto wa moyo ni kinyume. Sehemu kubwa ya chakula chake inaingia wakati umelegea.

Ili kuelewa sababu, ingia jikoni wakati wa kukamua tui. Nazi imekunwa, iko ndani ya kifumbu, na kifumbu kimezamishwa kwenye bakuli la maji. Ukikikamua, kinachotoka ni tui. Hakuna maji yanayoweza kuingia muda huo, hata kama kifumbu chote kimezama, kwa kuwa mkono wako umezibana nafasi zote zilizo kati ya chembe za nazi. Legeza mkono. Nazi inatanuka, na maji yanaingia yenyewe. Mpishi asiyelegeza mkono hapati tui la pili.

Ukuta wa moyo ni mkono na kifumbu kwa pamoja. Misuli inapojikaza kusukuma damu, inaibana mishipa midogo iliyopita ndani yake yenyewe. Shinikizo ndani ya chumba cha kushoto hupanda hadi milimita 120 hivi za zebaki, sawa na lile la aota, na nyama iliyo karibu na chumba hubanwa kwa nguvu hiyohiyo. Damu ya koronari haina pa kupita. Kisha moyo unalegea. Shinikizo la chumbani linashuka hadi karibu na sifuri, lakini la aota linabaki kama 80. Kwa nini lisishuke nalo? Kwa sababu aota inanyumbuka. Ilitanuka ilipopokea damu, sasa inarudi polepole kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo, na valvu iliyo chini yake imeshafungwa ili damu isirudi chumbani. Damu hiyo iliyobanwa kati ya aota na mlango uliofungwa inakuta midomo miwili iko wazi na mishipa iliyolegea inaingoja.

Si kwamba upande wa kushoto haupati kitu kabisa unapojikaza. Kiasi fulani kinaingia, hasa kwenye tabaka la nje, na makadirio yake hutofautiana kulingana na namna ya kupima. Upande wa kulia wa moyo unasukuma damu hadi mapafuni tu, hapo jirani, kwa nguvu ndogo, na kwa hiyo unalishwa wakati wote.

Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika hutumia sekunde 0.8 kwa pigo zima, na kama 0.5 katika hizo ni za kulegea. Ukipandisha mapigo hadi 150, kila pigo lina sekunde 0.4, na kinachopunguzwa zaidi ni kulegea kuliko kukaza. Yaani moyo unapofanya kazi kubwa zaidi, muda wake wa kula unakuwa mfupi zaidi. Wala hauwezi kusema utaichuja damu vizuri zaidi, maana hata ukiwa umetulia huchukua asilimia 70 au zaidi ya oksijeni inayoletewa, wakati mwili kwa jumla huchukua kama robo. Njia inayobaki ni mishipa kutanuka ipitishe damu nyingi zaidi. Mshipa uliosinyaa kwa mafuta na makovu hauwezi hilo, na ndiyo maana mtu mwenye tatizo hili anaweza kukaa barazani bila maumivu yoyote, akabanwa na kifua anapopanda mlima au kuvuta jarife.

Nilirudi Msangamkuu nikamweleza mzee yote haya, nikamwomba radhi kwa jibu la kwanza. Alisikiliza, kisha akauliza swali la pili, gumu kuliko lile: mshipa ukiziba, ni nyama ipi inayokufa kwanza?

Ni ile ya ndani, iliyo karibu zaidi na damu ya chumbani. Matawi ya koronari yanatoka nje kwenda ndani, kwa hiyo nyama hiyo ya ndani ndiyo nyumba ya mwisho kwenye bomba, na ndiyo inayobanwa zaidi moyo unapojikaza. Kifo cha misuli kinaanzia hapo, na saa zinavyokwenda kinaenea kuelekea nje. Ila kuna utando mwembamba sana, sehemu ya kumi ya milimita hivi, unaogusana na damu yenyewe. Madaktari wanaochunguza mioyo ya waliofariki huukuta mara nyingi ukiwa mzima, umeilalia nyama iliyokufa. Utando huo tu ndio uliokuwa ukila kutoka ghalani.