Mbinu za simplektiki: maana ya kuhifadhi muundo katika hesabu za mwendo

Mbinu za simplektiki ni mbinu za kukokotoa mwendo kwa kompyuta, hatua kwa hatua, bila kuharibu umbo la mlinganyo. Kinacholindwa ni eneo: ukichora mahali kwenye mhimili mmoja na kasi kwenye mwingine, kundi la hali za mwanzo linaweza kurefuka na kupinda, lakini eneo lake libaki lilelile.

Chukua timazi ya fundi anayekarabati ukuta wa matumbawe Bagamoyo: uzi wa meta 1, inabembea kidogo, kwenda na kurudi sekunde 2. Tukipima muda kwa kizio cha sekunde 0.32, mchapuko unakuwa −x tu, x ikiwa umbali kutoka katikati. Hatua ya muda, h, iwe 0.1 ya kizio hicho, kama hatua 63 kwa mzunguko.

Mbinu ya Euler ya kawaida, ambayo si ya simplektiki, hutafuta mahali (x) na kasi (v) mpya kwa kutumia thamani za zamani zote mbili. Kila hatua hukuza eneo, na nishati pia, kwa 1 + h², yaani 1.01. Baada ya hatua 1,000, nusu dakika tu ya mwendo, nishati imefika karibu mara 21,000!

Sasa badili mstari mmoja wa programu: tafuta kasi kwanza, v − hx, kisha sogeza mahali kwa kasi hiyo mpya. Eneo halibadiliki tena, na v² + x² − hxv inabaki ileile kila hatua. Nishati hupanda na kushuka ndani ya takriban 5%, haitoroki. Mbinu ya Verlet (1967), nayo ya simplektiki, hupunguza kosa hilo hadi 0.25%, na kani bado hukokotolewa mara moja kwa hatua.

Mbinu ya Runge-Kutta ya daraja la 4, isiyo ya simplektiki, ni sahihi zaidi katika hatua chache, ila hula nishati polepole: baada ya hatua milioni 100, siku 37 hivi, imebaki robo. Hapa ndipo watu hudanganyika, kwa sababu timazi halisi nayo hutulia kwa ukinzani wa hewa, na grafu inapendeza macho. Mlinganyo wetu hauna hewa.

Lakini nishati kuwa salama si kusema mahali ni sahihi. Hata Verlet hutangulia kidogo kila mzunguko. Baada ya mizunguko 1,200 hivi, kama dakika 40, inaonyesha timazi upande wa pili.

Usibadilishe h kiholela njiani, maana ulinzi huo hupotea. Na h ikifika 2, sekunde 0.64, Verlet yenyewe hulipuka.