Umemaliza digrii ya hesabu uko Mwanza, unajiuliza uende wapi: habari za mwaka wa honazi kwenye utafiti wa operesheni

Kila mwaka matokeo ya mwisho ya vyuo yakishatoka tunapata vijana wengi hapa idarani, wengine wanakuja wenyewe wengine wanapiga simu wakiwa Sengerema, Magu, Ukerewe huko kwao, wamemaliza hesabu au takwimu au uchumi au kompyuta na swali ni lilelile, mwalimu sasa na hii digrii naenda wapi. Wengi wameshaambiwa njia ni mbili tu, kufundisha au kuomba kazi benki. Kufundisha ni kazi njema na ndiyo inayotulisha sisi, ila kuna njia nyingine ambayo huku kanda ya ziwa inahitajika kuliko watu wanavyodhani, naomba leo niieleze kwa kirefu kidogo.

Inaitwa utafiti wa operesheni, na mlango wake mmoja ni mwaka wa honazi, yaani mwaka mmoja wa masomo ulio kati ya digrii ya kwanza na masta, kama walivyo nao Afrika Kusini. Kwa maneno ya kawaida ni hesabu za kuamua jambo lifanyikeje pale ambapo ulivyonavyo havitoshi. Gari la barafu ni moja na mialo ya kushushia samaki ni sita. Manesi wa zamu ya usiku ni wanne na wodi zimejaa. Hela ya mafuta ya boti ni hii hapa na haiongezeki. Mtu mzoefu ataamua kwa mazoea yake na mara nyingi ataamua vizuri tu, tusimdharau, ila kuna mahali mambo yanakuwa mengi mpaka kichwa peke yake hakifiki, na hapo ndipo hesabu inaingia.

Chukua mfano huu, namba nimeziweka mimi ili iwe nyepesi kufuata. Kuna mama anafanya biashara ya dagaa pale Igombe, anaandaa gunia za aina mbili. Ya kwanza ni dagaa ya kula, inachambuliwa na mchanga unatolewa, faida yake 30,000 kwa gunia. Ya pili ni ya chakula cha kuku, haina kazi kubwa, faida 12,000. Kila gunia iwe ya aina gani inakula chanja 3 za kuanikia, na kwa wiki ana chanja 60. Gunia ya kula inataka masaa 4 ya kibarua, ya kuku saa 1, na vibarua ambao ameshawalipa wiki hiyo wanampa masaa 50 jumla. Aandae gunia ngapi za kila aina?

Wanafunzi wengi wanarukia ya kula kwasababu faida yake ni kubwa. Sawa, masaa 50 yanatoa gunia 12 za kula, yanabaki masaa 2 anaongeza gunia 2 za kuku, anapata 384,000, na chanja 18 zimekaa tupu. Akiandaa za kuku peke yake anatoa gunia 20 anapata 240,000. Sasa ukikaa ukaandika vizuri, za kula uziite A za kuku uziite B, A na B zikijumlishwa zisizidi 20 maana chanja 60 ukigawa kwa 3 ni gunia 20, halafu mara nne ya A ukijumlisha na B isizidi 50, unakuta bora ni 10 kwa 10 na faida inakuwa 420,000. Hiyo ni linia programingi ileile uliyoionja fomu foo, ukachora mistari kwenye grafu pepa ukatia kivuli, ukafaulu mtihani ukaisahau.

Lakini utamu wenyewe hauko kwenye hiyo 420,000. Muulize huyo mama anabanwa na nini, atakwambia chanja, maana kila akitoka nje anaona zimejaa. Hesabu inasema kingine. Saa moja ya ziada ya kibarua inamuongezea 6,000, chanja moja ya ziada inamuongezea 2,000 tu. Kwa hiyo akipata mtu wa kuchambua kwa 2,500 kwa saa amchukue leo hii, na akiambiwa akodi chanja kwa 3,000 kwa wiki aache. Na hiyo 6,000 nayo ina mwisho, inakwenda mpaka masaa 80, hapo gunia zote 20 zimeshakuwa za kula na sasa chanja ndio zinabana kweli. Hayo ya nini kinabana, kinabana kwa thamani gani na mpaka wapi, ndiyo mwenye biashara anayoyahitaji, na mwaka wa honazi unakufundisha kuyasoma, kuyatilia shaka, na kumweleza mtu ambaye hana muda wa habari za A na B.

Hapa nina msimamo na nausema wazi. Kwenye fani hii kazi ngumu ni kuliandika tatizo. Jibu kompyuta itakutafutia, njia ya kutafuta jibu la hesabu kama hizi, inayoitwa simpleksi, mwanahisabati George Dantzig aliitoa tangu 1947, Solva iko ndani ya Excel, na kuna programu za bure kama GLPK ambazo zinamaliza kwa sekunde kazi ambayo ungeifanya kwa mkono wiki nzima. Ila nani alikwambia gunia inataka masaa 4? Mvua za Novemba zikishuka chanja zikalowa, ile 60 bado ni 60? Vibarua wanafanya kazi kwa mwendo uleule asubuhi na saa nane mchana jua likiwa kali? Hayo huyapati kwenye kitabu, unayapata kwa kukaa Igombe siku kadhaa ukiwa na daftari na ukiwa na adabu ya kuuliza.

Na ndivyo fani ilivyozaliwa. Wakati wa vita ya pili ya dunia Waingereza walichukua wanasayansi, mmoja wao mwanafizikia Patrick Blackett, wakawaweka karibu na makamanda waangalie kazi inavyofanyika kweli. Moja ya maswali yao ilikuwa misafara ya meli za mizigo iwe mikubwa au midogo, maana nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinaizamisha. Wakapekua kumbukumbu za safari zilizopita wakakuta idadi ya meli zinazozama kwenye msafara haiongezeki sana hata msafara ukiwa mkubwa, na meli za ulinzi zinalinda mzunguko wa nje ambao haukui haraka kama idadi ya meli zilizo ndani. Wakashauri misafara iwe mikubwa. Kabla yao, 1939, Mrusi Leonid Kantorovich alikuwa ameshaandika hesabu za kupanga uzalishaji baada ya kuletewa shida ya kiwanda cha plaiwudi, na kazi hiyo ndiyo ikaja kumpa Nobeli ya uchumi mwaka 1975 pamoja na mwanauchumi Koopmans. Wote hao walianza na shida ya mtu fulani anayesubiri jibu.

Sasa huu mwaka wa honazi wenyewe. Afrika Kusini digrii ya kwanza ya miaka mitatu iko ngazi ya 7 kwenye mfumo wao wa sifa, masta iko ngazi ya 9, na katikati kuna honazi ngazi ya 8. Ni mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, krediti zisizopungua 120, na krediti moja inahesabiwa kama masaa 10 ya kazi kwa hiyo piga masaa 1,200, na kati ya hizo krediti angalau 30 lazima ziwe za utafiti wako mwenyewe. Australia nao wana mwaka wa namna hiyo. Usichanganye na Uingereza ambako honazi iko ndani ya digrii ya kwanza. Sisi hapa Tanzania mtu anatoka digrii ya kwanza anaingia masta moja kwa moja, ndio maana vijana wetu wakiomba masta Afrika Kusini wakiwa na digrii ya miaka mitatu mara nyingi wanaambiwa waanze honazi, wengine wanachukulia kama wamedharauliwa. Haijawa dharau, ni ngazi ambayo kwao ipo kwetu haipo, na kwa fani hii mimi naona inakufaa maana unapata mwaka mzima wa kujenga msingi kabla hujatumbukia kwenye tasnifu.

Stellenbosch ni chuo chenye jina kwenye fani hii kusini huko, na UNISA, chuo kikuu kingine cha huko, wanafundisha kwa masafa, mtu anaweza kuwa anaishi Nyegezi na kazi yake anaendelea nayo. Masomo yanatofautiana chuo kwa chuo ila utakutana na linia programingi ya ndani zaidi, zile za namba kamili ambazo huwezi kusema boti mbili na nusu, mitandao na njia, nadharia ya foleni, simulesheni yaani kuigiza kazi ndani ya kompyuta, utabiri, na jinsi ya kuamua wakati hujui kesho italeta nini.

Nitachukua foleni tu, maana kila mtu huku anaijua kwa miguu yake. Fikiria dirisha la dawa hospitali, mhudumu mmoja anaweza kuhudumia wastani wa watu 20 kwa saa. Wakija wastani wa 15 kwa saa, kwa modeli ya msingi kabisa ya foleni mtu anakaa wastani wa dakika 12 tangu afike mpaka aondoke na dawa. Wakija 19 je? Wengi watasema itaongezeka kidogo, dakika 15 labda. Inakuwa saa nzima! Wameongezeka watu 4 tu kwa saa na mhudumu ni yuleyule na kasi ni ileile, ila kwasababu watu hawaji kwa mpangilio, kuna dakika wanakuja watano kuna dakika haji mtu, ukishakaribia ukomo wako foleni inalipuka. Msimamizi asiyejua hili atamgombeza mhudumu kwa uzembe, anayejua ataongeza dirisha la pili kwa yale masaa mawili ya asubuhi tu. Hesabu hizi zilianza na Erlang wa Denmark mwaka 1909 akishughulika na simu, na leo mgonjwa aliyetoka Ukerewe na boti ya alfajiri akakuta foleni ndefu anazihitaji kuliko mtu yeyote. Linaniuma hili, nasema ukweli, kuona watu wanasimama masaa kwa jambo ambalo linapangika.

Njia za boti nazo zina mtego wake. Boti ya kukusanya samaki ikitoka Mwanza ipitie mialo 10 na kurudi, njia zinazowezekana, ukichukulia kwenda na kurudi kinyume ni njia ileile, ni 1,814,400. Ongeza mialo ifike 15 unapata zaidi ya bilioni 653. Hakuna wa kuzijaribu zote kwa mkono, ndio maana kuna somo zima la kutafuta njia nzuri ya kutosha kwa muda mfupi.

Kujiunga, wanataka uwe umesoma hesabu za kutosha, alijebra ya matriki, kalkulasi, probabiliti na takwimu, na vyuo vingi vinataka wastani wa karibu asilimia 60 kwenye masomo makuu ya mwaka wa mwisho. Uliyesoma uchumi au ugavi usikate tamaa mapema, ila pengo lako karibu kila mara litakuwa probabiliti, anza nayo sasa. Na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, jifunze hata kidogo kabla hujaenda, kule hawatakusubiri.

Mada ya utafiti ndiyo naomba msiende mikono mitupu. Nimeona vijana wanafika kule wanapewa data za kiwanda cha mbali ambacho hawajawahi kukiona wakati nyumbani kumejaa. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025, malori ya Geita na Sengerema yaliyokuwa yanapangwa kwa ratiba ya kivuko sasa yanapita muda wowote, nani amekaa akahesabu upya maghala yawe wapi na magari yatoke saa ngapi? Damu salama kanda ya ziwa, damu nzima inakaa siku 35 tu kwenye friji, ukipeleka nyingi wilayani inaharibika ukipeleka chache mama anajifungua anaikosa, igawanywe vipi? Barafu kwenye mialo, nani apelekewe kwanza? Kila moja hapo ni mradi wa mwaka.

Kama mada yako ni ya mwaloni, ongea na uongozi wa BMU kwanza, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, waeleze unataka kupima nini na matokeo utayarudisha lini, halafu urudishe kweli. Mwaka wa masomo Afrika Kusini unaanza mwanzoni mwa mwaka na maombi yanafungwa mwaka unaotangulia, kwa hiyo ukisubiri mpaka upate cheti mkononi umeshachelewa, omba transkripti mapema, peleka vyeti vyako SAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya Afrika Kusini, vitathminiwe maana hiyo inachukua muda, na ukirudi pitisha digrii yako TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe. Wale wa mwaka wa tatu mnaosoma hapa, idara iko wazi, njooni na transkripti mlizonazo tuangalie pamoja kipi kimepungua wakati bado mna semesta ya kukijaza.