Mwenza yuko nje na viza haijatoka: vitu vya kuweka sawa ukiwa huku Kigoma

Pale kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Kigoma mjini, mtu akija na suala la viza ya mwenza swali la kwanza ni lile lile, itachukua muda gani, na mimi nikishajibu ninachoweza kujibu huwa nauliza na mimi, je hiki kipindi unasubiri unakula nini, unakaa kwa nani, kiwanja mnachojenga kiko kwa jina la nani, watoto wana vyeti vya kuzaliwa? Hapo wengi wanakaa kimya. Viza iko mikononi mwa maafisa wa London au Washington na huwezi kuwaharakisha, ila haya mengine yote yako hapa hapa Mwanga, Gungu, Ujiji, Kasulu, na kwa ninavyoona mimi ndo yanayoharibu ndoa za watu kabla hata faili halijafunguliwa na afisa.

Naandika hii kwa sababu kuna imani mtaani kwamba mkitengana kwa ajili ya viza basi ndoa inakuwa kama imewekwa pembeni mpaka mkutane eapoti, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo hata kidogo.

Tuanze na hili la ndoa kufa. Anakuja dada, mume ana miaka mitatu Uingereza, mawifi wanamwambia wewe huna ndoa tena hapa, miaka mitatu ikipita sheria inaivunja yenyewe. Hakuna kitu kama hicho jamani. Hapa Tanzania ndoa inaisha kwa kifo au kwa amri ya mahakama, haifi kwa sababu ya umbali wala kwa sababu mtu hapokei simu. Hiyo miaka mitatu watu wameisikia mahali, ni kweli imo kwenye kifungu cha 107, ila pale inazungumziwa mwenza aliyemtelekeza mwenzake makusudi, au wanandoa walioamua wenyewe kutengana, na hata hapo ni ushahidi tu ambao mahakama inaweza kuuangalia mtu akiomba talaka, tena baada ya kupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mtu aliyeondoka mkiwa mmekubaliana, anatuma matumizi, anapiga simu, na ameshaanza maombi ya kukuita, huyo hajakutelekeza. Na upande wa pili ni hivyo hivyo, kama ndoa yenu ni ya mke mmoja, ya bomani au ya kanisani, halafu mwenzako huko aliko akafunga ndoa nyingine, hiyo ya pili ni batili.

Sasa matunzo. Kifungu cha 63 kinamtaka mume ampe mke makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake, na kuwa nje ya nchi hakumuondolei huo wajibu. Hili wanaume wengi wanalijua na wanatuma kweli, shida ni njia ambayo hela inapita. Inatumwa kwa kaka mtu, au kwa mama mkwe, eti mke bado mdogo au hajazoea kushika hela. Halafu inakuja simu saa tatu usiku, spika imewashwa, mama mkwe amekaa hapo mkekani anasikiliza, dada anaulizwa hela imefika? anajibu imefika, kumbe iliyomfikia ni nusu, na atasemaje mbele ya mkwe. Mume anakata simu akijua kwake kuko sawa, mke analala na donge. Miezi inapita hivyo, siku moja linapasuka na kila mmoja anamuona mwenzake mwongo. Nawaomba sana akina kaka mlioko huko, ya mke itume kwenye namba ya mke, ya wazazi itume kwa wazazi, na mpigie mkeo muda akiwa peke yake. London iko nyuma yetu kwa saa tatu kipindi cha baridi na kwa saa mbili kipindi cha joto, kwa hiyo nafasi ipo, ni kupanga tu. Tena hizo risiti za hela iliyoingia kwa jina la mke ni ushahidi mzuri kwenye faili la viza, iliyopita kwa shemeji itabidi muanze kuielezea.

Kiwanja nacho ni hivyo hivyo, na hapa ndo ninapoumia zaidi. Watu wanajenga Kigoma wakiwa nje, kiwanja kimenunuliwa Masanga au Kibirizi na mkataba wa serikali ya mtaa umeandikwa jina la mdogo wake mume kwa sababu ndo alikuwepo siku ile. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja wenu inachukuliwa kuwa ya huyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiwa kwa majina yenu wote wawili inachukuliwa mna hisa sawa. Jina la shemeji halimo kabisa kwenye hesabu hiyo, siku mkigombana au mume akifariki huko ugenini wewe ndo utabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hela ilitoka kwenu. Andikeni majina yote mawili, aliye nje anaweza kutoa hati ya uwakilishi ili mke au ndugu asaini kwa niaba yake, na jina la mwenye mali likabaki la kwake. Na nyumba ambayo mnaishi kama wanandoa, kifungu cha 59 kinakataza mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo dada ukiona ndugu analeta mteja wa nyumba unayoishi usifungashe vitu, njoo tuongee.

Twende kwenye makaratasi. Huku kwetu mwisho wa reli tatizo namba moja ni jina. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, cheti cha ndoa kina mawili na herufi moja katikati, cheti cha shule kina jina la babu, cheti cha kuzaliwa kimekatwa ukubwani. Afisa wa viza hakujui, anaona karatasi tu, kwake hao wanaweza kuwa watu wanne. Rekebisha kabla hujaomba paspoti, kwa kiapo au hati ya kubadili jina, kwa sababu paspoti ni shilingi 150,000 na hutaki kuilipia mara mbili. Alafu kuna jambo la sisi watu wa mpakani, ukiwa unatoka Buhigwe, Kibondo au Kakonko ofisi ya Uhamiaji inaweza kukuhoji uraia wako kwa undani, usione unaonewa ukakasirika ukaondoka, nenda na vyeti vya wazazi au viapo vyao na barua ya kijiji.

Cheti cha ndoa lazima kiwe kile kinachotambulika serikalini. Ndoa ya kiislamu, ya kikristo, ya bomani, zote ni ndoa, ila hakikisha aliyewafungisha ana leseni na amepeleka taarifa kwa msajili, maana kuna watu wana karatasi ya msikiti au ya kanisa tu na RITA, wakala wa serikali wa usajili, hawaonekani. Wale mnaoishi pamoja bila cheti, sheria yetu kifungu cha 160 ina dhana ya ndoa kwa waliokaa miaka miwili na kuendelea, inasaidia mahakamani kwenye mali na watoto, lakini usitegemee ubalozi uipokee badala ya cheti. Fungeni ndoa, taarifa inatolewa siku 21 kabla, kwa hiyo mwenzako akiwa na likizo ya wiki mbili taarifa itangulie kabla hajapanda ndege. Na wale wa ndoa ya simu, bwana harusi yuko Ohio bibi harusi yuko Ujiji, Marekani haiitambui hiyo ndoa mpaka nyie mkutane kimwili baada ya kufungwa.

Kila nchi ina mlango wake. Uingereza inaangalia sana kipato cha aliyeko kule, kuanzia Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 18,600, na hii ndo imewakwamisha wengi wanaofanya kazi za kulea wazee. Ada ya maombi ilipanda Aprili 2025 ikawa pauni 1,938, na juu yake kuna tozo ya afya pauni 1,035 kwa mwaka ambayo kwa viza hii inafika pauni 3,105, inalipwa yote kwa pamoja kabla. Mke anatakiwa mtihani wa kiingereza ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Cheti hicho kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikimbilie Dar kupima wakati hela ya ada haijakamilika, safari ya reli peke yake ni kama kilomita 1,250. Ukiwa mjamzito sema kabla hujapigwa eksirei. Ujerumani kwa kawaida wanataka kijerumani cha A1 kabla hujaondoka, na hicho hakisomwi kwa wiki mbili, anza mapema, muda wa kusubiri ndo huo huo wa kusoma.

Marekani ni habari ndefu. Aliyeko kule anafungua fomu I-130 kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli, ikikubaliwa faili linaenda kituo cha taifa cha viza, halafu wanaangalia kipato cha aliyeko kule, ambacho kinatakiwa kifike asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini, ndo baadaye usaili. Mume mwenye uraia hapangi foleni ya namba za viza, mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anapanga. Lakini kukubaliwa I-130 sio kupata viza, na hili lazima niliseme wazi kwa sababu watu wanaendelea kuchangishwa hela na mawakala wasiowaambia ukweli. Juni 2025 rais wa Marekani aliweka zuio la viza kwa nchi kadhaa, jirani zetu Burundi wakiwemo, na Desemba 2025 orodha ikaongezwa na Tanzania ikatajwa, viza za kuhamia zikiwemo kwenye zuio. Amri za namna hii zinabadilika, 2020 tuliwahi kuzuiwa kwenye bahati nasibu ya grini kadi na Januari 2021 ikafutwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote soma tovuti yao rasmi, inaishia na .gov, na ile ya Waingereza inaishia na gov.uk. Mtu anayekwambia ana kijana wake ubalozini, utume hela kwa simu akupitishe, huyo ni tapeli, usimjaribu hata kidogo.

Kuna wanaoona bora mke aende kwa viza ya kutembea halafu akae huko huko. Sikushauri. Ukidanganya sababu ya safari, Uingereza inaweza kukufungia miaka kumi, na Marekani kosa la udanganyifu linaweza kukufungia maisha yako yote, mtakuwa mmeokoa miezi mkapoteza ndoa nzima.

Watoto wanasahaulika sana. Mume mwenye uraia wa Marekani akikuombea wewe, mtoto haingii kwenye faili lako, kila mtoto anafunguliwa I-130 yake, na mtoto wako wa kabla ya ndoa anahesabika tu kama mlifunga ndoa kabla hajafikisha miaka 18. Cheti cha kuzaliwa kilichokatwa kwa kuchelewa kisindikizwe na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule. Kadi ya kliniki ile watu wanaitupa mtoto akishamaliza chanjo, itunze.

Na kwa familia za mitala niseme ukweli hata kama unauma. Sheria yetu inaruhusu, Uingereza, Ujerumani na Marekani zinapokea mke mmoja. Nimeona mume anamficha mke mwingine kwenye fomu, na hilo likigundulika linamharibia hata huyo mmoja aliyeombewa. Kaeni chini wote kabla, kwa sababu anayebaki naye ana haki yake ya matunzo ya kifungu cha 63 kama nilivyosema juu, na mtoto wake pia.

Likija jibu la kukataliwa, lisome lote hata kama mkono unatetemeka. Kwa maombi ya mwenza Uingereza kwa kawaida una haki ya kukata rufaa, na kwa aliyeko nje ya Uingereza muda ni siku 28 tangu upate uamuzi. Watu wanaipiga picha ile barua wanaituma WhatsApp kwa mume, mume yuko zamu za usiku, anasema tutaongea wikiendi, wikiendi wanagombana nani alikosea, siku zinaisha. Siku hiyo hiyo lete barua ofisini, kituo chetu au kwa msaidizi wa kisheria yeyote aliyesajiliwa kwenye wilaya yako, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka huduma hii kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa wakili, sisi tutakusaidia kuielewa sababu ya kukataa na kutafuta karatasi inayodaiwa huku, halafu mwenzako aipeleke kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kule kule.