Herufi moja kwenye fomu: dhana potofu kuhusu jinsi na jinsia katika utafiti wa afya

Katika vituo vya afya vya Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, fomu huwa na kisanduku kimoja: M (mwanaume) au F (mwanamke). Mtafiti anakijaza, anagawa matokeo mafungu mawili, kisha anaandika kwamba amezingatia jinsia. Alichopima ni jinsi, yaani mwili: kromosomu, homoni, viungo vya uzazi. Jinsia ni yale ambayo jamii humpangia mwenye mwili huo: afanye kazi gani, aombe ruhusa kwa nani, pesa zishikwe na nani, akiumwa aseme au anyamaze. Mara nyingi mambo haya mawili huenda pamoja, ndiyo maana tunadhani ukipima moja umepima yote. Dhana hiyo inatuumiza, na katika mji wa madini kama wetu inaumiza zaidi.

"M na F zinatosha"

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za mwili hapa mjini. Waliwalinganisha na watoto waliozaliwa bila kasoro, wakauliza mengi kuhusu wazazi wao. Kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vyote ni kazi ya baba: watoto wenye kasoro walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba mwenye ajira mgodini.

Tunajua inavyokuwa mtoto wa namna hiyo akizaliwa. Macho ya ukoo yote humgeukia mama: alikula nini, alimeza dawa gani, alimkosea nani. Kama watafiti nao wangeishia kwa mama, wangemkosa baba na vumbi lake la madini. Na hata wangemwandika baba kwa herufi M tu, bado wasingeona kitu, kwa sababu baba wa mgodini na baba anayeuza nguo katika soko la mtaa wa Kenya hapa mjini wote ni M. Tofauti imo ndani ya kundi la wanaume wenyewe, katika kazi waliyopewa na jamii. Utafiti huo unaonyesha uhusiano, haujathibitisha chanzo, lakini uhusiano wenyewe usingeonekana pasipo swali la kazi.

"Jinsia ni mambo ya wanawake"

Hapana. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kati ya watu waliougua kifua kikuu duniani mwaka 2022, asilimia 55 walikuwa wanaume, 33 wanawake, waliobaki watoto. Huenda mwili una sehemu yake. Lakini ni nani anayeshushwa shimoni kuvuta vumbi la mawe, vumbi linaloharibu mapafu na kuyafungulia mlango kifua kikuu? Ni nani anayefundishwa tangu utotoni kwamba mwanaume hakimbilii hospitali kwa sababu ya kikohozi? Ukiandika "mwanaume" ukaishia hapo, umeyafunga yote hayo ndani ya neno moja na kuyaita maumbile.

"Jinsia haipimiki, ni maoni tu"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi kwa madaktari, na inastahili jibu refu.

Huko Kanada, kundi la Louise Pilote wa Chuo Kikuu cha McGill lilifuatilia wagonjwa zaidi ya 900 wenye miaka 18 hadi 55 waliopatwa na shambulio la moyo au hali inayokaribiana nalo. Kila mmoja aliandikwa jinsi yake. Kisha yakachukuliwa mambo 7 mengine: kama yeye ndiye mwenye kipato kikubwa nyumbani, anapata kiasi gani, kazi za nyumbani ni jukumu la nani, anazifanya saa ngapi kwa juma, ana msongo gani nyumbani, pamoja na alama 2 za tabia zinazohesabiwa kuwa za kiume na za kike. Hesabu ikaulizwa: kwa majibu haya, uwezekano wa kuwa huyu ni mwanamke ni kiasi gani? Jibu ni alama kutoka 0 hadi 100. Mwanaume anayepika, anayelea na asiye na mshahara mkubwa anaweza kupata alama ya juu, na mwanamke anayelisha nyumba akapata ya chini.

Matokeo yalitoka mwaka 2016. Ndani ya miezi 12, waliorudiwa zaidi na ugonjwa walikuwa wale wenye alama za upande wa kike, wawe wanaume au wanawake. Jinsi peke yake haikutabiri hilo. Kwa hiyo mzigo wa maisha ulihesabiwa kwa namba, na namba ikaonyesha kitu ambacho herufi ilikuwa inakificha.

"Basi tuchukue kipimo cha Kanada, tukitafsiri, tuanze"

Hapa naomba twende polepole. Uzito wa kila swali katika hesabu ile umetokana na namna wanaume na wanawake wa kule wanavyotofautiana. Ukiuleta Lubumbashi kama ulivyo, unapima watu wa Katuba kwa maisha ya Montréal.

Chukua swali la mwenye kipato kikubwa. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa mshahara wa baba na mgao wa chakula wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kampuni ikaporomoka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Nyumba nyingi zikabaki zikilishwa na mama: anauza makala (mkaa), anauza unga, anauza samaki, anavuka mpaka wa Kasumbalesa kutafuta bidhaa. Lakini ukibisha hodi na kuuliza "nani mkuu wa nyumba?", hata mama huyo atakujibu: baba. Anampa heshima yake, na hadanganyi. Uliza badala yake: "Mama, unga wa bukari wa juma hili umenunuliwa kwa pesa ya nani? Mtoto akichomwa na homa usiku, nani anasema apelekwe? Pesa ya teksi inatoka wapi?" Majibu yatakuwa mengine kabisa. Tena nani anakaa karibu na mbabula, jiko la makala, saa nyingi, na ndani ya chumba au uani? Hewa ya sumu ya makala haichagui jinsi. Humpata aliye karibu, na aliye karibu amepangiwa.

Hatuanzi sifuri. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, uliofanyika Kongo mwaka 2007 na tena 2013 na 2014, huuliza wanawake nani anaamua kuhusu matibabu yao. Huko Goma na maeneo yake, utafiti uliotolewa mwaka 2012 uliwahoji wanaume na wanawake kuhusu mitazamo yao juu ya kazi za nyumbani, mamlaka na ukatili. Anayesema mambo haya hayawezi kuulizwa kwetu hajatazama yaliyokwisha kuulizwa.

"Kupima jinsia ni kukana maumbile"

Kinyume chake, mwili unapimwa vizuri zaidi ukitenganishwa. Kipimo cha damu kinahitaji jinsi: mwanaume huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini ikishuka chini ya gramu 13 kwa desilita ya damu, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Mwaka 2013 Marekani iliagiza dozi ya kuanzia ya dawa ya usingizi zolpidemu ipunguzwe kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huiondoa polepole. Hilo ni la jinsi. Mwanamke aliyechelewa kufika hospitali kwa kungoja ruhusa ya mume, hilo ni la jinsia. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Miili ya wanawake haikubadilika mwaka huo.

Wapo pia watu wanaojitambua tofauti na walivyoandikwa walipozaliwa. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 iliweka maswali 2, jinsi ya kuzaliwa na jinsia ya sasa, ili mtu asipotee katika hesabu na daktari asikose taarifa ya mwili wake.

"Maswali haya yatachukua muda mwingi"

Maswali 5 au 6 ya namna hii hayamalizi dakika 10. Kinachohitaji nguvu ni kumhoji mke na mume kila mmoja peke yake, pasipo mtu wa tatu kusikia. Mara nyingi watapishana: baba aseme wanaamua pamoja, mama aseme anaamua baba. Usilazimishe majibu hayo yafanane, wala usichague la mmoja ukaacha la mwingine. Yaandike yote mawili katika safu zake, maana kule kupishana nako ni kipimo.