Je, wajua kwa nini gesijoto (hewa zinazopasha dunia joto) za Tanzania na Kenya hazikui kwa njia moja?

Ukihesabu hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotokana na mafuta, gesi asilia, makaa ya mawe na saruji peke yake, Tanzania ndiyo iliyokwenda mbio. Mwaka 2000 tulikuwa chini ya tani milioni 5. Sasa tumevuka milioni 10. Kenya ilianzia karibu na milioni 10, na imefika takriban maradufu. Asilimia yetu ya ongezeko inatisha zaidi kwa sababu tulianzia chini sana. Na hata hivyo, ukigawa kwa idadi ya watu, Mtanzania na Mkenya kila mmoja hafikishi tani 1 kwa mwaka, wakati wastani wa dunia umepita tani 4.

Tofauti ya kwanza iko kwenye umeme. Kenya imekuwa ikivuna mvuke wa jotoardhi pale Olkaria, karibu na Naivasha, tangu 1981. Ukijumlisha mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana, karibu uniti 9 kati ya 10 za umeme wake hupatikana bila kuchoma mafuta. Sisi ukame ulipokausha mabwawa tulikimbilia gesi: ya Songo Songo ilifika mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004, kisha 2015 likaja bomba kutoka Mtwara, na mitambo ya Kinyerezi ikaongezeka. Gesi ni afadhali kuliko dizeli, lakini nayo inachomwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na limebadilisha hesabu hiyo. Mwaka huohuo treni yetu ya SGR (reli ya kisasa) ikaanza safari kwa umeme, wakati ile ya Mombasa hadi Nairobi inatumia dizeli.

Ila hesabu hiyo ya mafuta ndiyo sehemu ndogo. Gesijoto nyingi za nchi zote mbili hazitoki kwenye bomba la gari wala kiwandani. Kenya zinaongozwa na mifugo, maana ng'ombe anapocheua hutoa methani, ambayo tani yake moja hupasha dunia joto takriban mara 28 ya tani ya hewa ukaa katika miaka 100. Sisi tunao ng'ombe zaidi ya milioni 30, na juu yake tunakata misitu. Serikali ilikadiria kuwa nchi hupoteza hekta 469,000 hivi kila mwaka, nyingi kwa kufungua mashamba, na nyingine kwa mkaa.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapoingia. Jiji hili limekuwa likikadiriwa kutumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Huko Pwani na Morogoro magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha moto huachwa ufukute kwa siku kadhaa. Kilo 5 hadi 10 za kuni hutoa kilo 1 tu ya mkaa. Zilizobaki hupotea kama moshi, na kwa kuwa hewa imebanwa, methani nayo hutoka. Msitu ukiachwa uote tena, miti michanga huivuta tena hewa ukaa. Ukigeuzwa shamba la ufuta, deni halilipwi.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Naamini utafanikiwa au kukwama kwenye jambo moja: mama wa Manzese hununua mkaa kwa kopo, kadiri ya hela ya siku hiyo, lakini mtungi wa gesi wa kilo 6 unamdai hela ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu tayari zipo jijini. Zikifika kila mtaa, kopo la mkaa litakuwa limepata mshindani.