Barafu ya sangara na pistoni iliyoganda

Mzee mmoja wa Sengerema alinipigia simu: "Fundi, katapila langu halina ubaya wowote, ila injini haizunguki tu." Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, bomba la moshi lina kofia?" Akanyamaza kidogo, akajibu kwamba kofia ilianguka miaka mingi nyuma. Hapo nilishajua kinachonisubiri kabla sijapakia spana kwenye gari.

Lilikuwa Caterpillar D4 la toleo la 7U, lile lililotengenezwa Marekani kati ya 1947 na 1959. Lina silinda nne, kila moja ina kipenyo cha milimita 114, na bomba la moshi limesimama wima juu ya boneti. Sasa angalia: injini ya silinda nne ikizimwa, popote itakaposimamia, kuna angalau silinda moja ambayo valvu yake ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, imebaki wazi. Mvua ya masika inaingia bombani, inateremka kwenye manifodi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), inapita kwenye ile valvu na kutuama juu ya pistoni. Ringi zinazoizunguka pistoni ni chuma, slivu, yaani mrija ambamo pistoni inapanda na kushuka, ni chuma, na maji yamekaa katikati yao mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana injini ya namna hii ikiganda, mara nyingi inashikwa na pistoni moja, au mbili. Nyingine ziko huru kabisa, zinamsubiri huyo mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba sana, mafundi wenzangu: msifunge mnyororo kwenye lori mkaliweka katapila kwenye gia na kulivuta. Nimeshaiona kazi hiyo Magu. Konrodi ya pistoni iliyoganda, ule mkono unaoiunganisha na shafti ya kranki, ilipinda, sketi ya pistoni (sehemu yake ya chini) ikapasuka, na injini iliyohitaji slivu moja ikahitaji vitu vitano. Nguvu yote ya lori inaishia kwenye sehemu moja, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kabla ya kufungua hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, hakikisha kwamba injini ndiyo iliyoganda kweli. D4 huwashwa na injini ndogo ya petroli ya silinda mbili, na pinioni yake (gia ndogo) ikibaki imeng'ata meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini kubwa, huku hiyo injini ndogo nayo imeshika kutu, utamsingizia mkubwa kosa la mdogo. Klachi nayo iachie. Hayo ni ya dakika chache.

Nati za hedi ndizo zinazokula siku. Mimi huipasha nati kwa gesi mpaka iwe nyekundu, naiacha ipoe mpaka wekundu uishe, halafu naigusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya hesi (meno ya nati), unaiona ikipotea. Kisha naikaza kidogo kwanza, ndipo naifungua. Ukisikia mlio mkavu wa "tak", imeachia. Ikianza kuwa laini kama ulimbo, simama hapo hapo, maana stadi, ile bolti inayoshikwa na nati, inajisokota na itakatika. Ikishakatika, chomelea nati juu ya kisiki chake. Joto la kuchomelea peke yake ni nusu ya dawa.

Hedi ilipotoka, pistoni tatu zilikuwa nyeusi kwa masizi. Iliyobaki, ya tatu kutoka mbele, ilikuwa nyekundu kama tofali la kuchoma, na alama ya maji imezunguka ukuta wa slivu. Nilikwangua kutu yote iliyokuwa kwenye ukuta wa slivu juu ya pistoni, kwa sababu pistoni haiwezi kupanda mlima huo hata ikiachia. Halafu nikamimina asetoni na ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) nusu kwa nusu, nikafunika kwa kipande cha bati ili asetoni isipae, na moto wote ukakaa mbali. Nilichora mstari wa chaki pale kimiminika kilipofikia. Siku ya kwanza na ya pili hakikushuka. Asubuhi ya tatu kilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Kilikuwa kimepata njia pembeni ya ringi.

Pistoni hii ilikuwa ya aluminiamu, na hapo ndipo barafu inapoingia. Aluminiamu hutanuka na kusinyaa kiasi cha mara mbili ya chuma. Ukipasha bloku (mwili wa injini) yote, pistoni inavimba kuliko slivu na unazidi kuikaza. Lazima slivu iwe ya moto na pistoni ya baridi. Nilinunua Kirumba, Mwanza, barafu ya kufukia sangara, nikaijaza kwenye deli na kuvuka nayo ziwa kwenda Sengerema. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi. Zamani foleni ya kivuko ingeyeyusha nusu yake.

Tulishusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kufungua konrodi zote nne kutoka kwenye kranki. Nikafyonza dawa yote, nikaweka barafu kwenye mfuko wa nailoni juu ya pistoni, huku kijana wangu akimimina maji ya moto taratibu kwa faneli kwenye matundu ya maji ya bloku. Kwa hesabu, pistoni ikishuka nyuzi 25 na slivu ikipanda nyuzi 60, nafasi inaongezeka kama milimita 0.14. Ni ndogo, lakini inatosha kuvunja mshiko wa kutu. Tuligonga kwa kipande cha mninga, polepole, dakika ishirini. Haikusogea.

Sikuongeza nyundo. Slivu za D4 ni za maji, zinachomoka, kwa hiyo nilifunga pula (kifaa cha kuvutia) chini ya slivu na kuitoa na pistoni yake ndani, kama mama na mwana. Kwenye presi ya gereji, Mwanza, waliachana kwa tani chache tu. Nilipitisha ukucha ndani ya slivu, ukakwama kwenye mashimo ya kutu pale ringi zilipokaa. Slivu hiyo hairudi. Pistoni imepona, ringi mpya zinatosha.

Sasa tunasubiri slivu na mipira yake ya chini. Kabla ya kuondoka nilikata kopo la rangi la lita nne, nikalifunga kwa waya juu ya bomba la moshi. Mawingu yalishaanza kupanda kutoka ziwani.